Unywele wa Tatu

6 Februari

Dada yangu,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya cherehani, nikajua kabla hata ya kuifungua kwamba uliiandikia pale pale kwenye meza ya kazi huku mteja amekukaba roho. Simu ninayo na wewe unayo, lakini tangu nilipokuwa bweni sisi wawili tumezoea karatasi. Kwenye simu unanikatiza.

Umeniuliza tena huwa nafanya nini siku nzima humu makumbusho, maana jirani amekuuliza ukaishia kukohoa. Mwambie hivi: mdogo wangu anasoma nzi wanaoishi kwenye manyoya ya popo.

Acheke tu. Nzi hawa hawana mabawa. Ukimwona mmoja utadhani ni buibui aliyekaliwa na mtu mnene: miguu mirefu, mwili bapa, kichwa kimekunjwa kwa nyuma kama mtu anayekagua dari. Chakula chake ni damu ya popo, basi. Jike hatagi mayai. Hulea mtoto mmoja tumboni mpaka akomae, kisha hushuka, humbandika ukutani, na kurudi mbio kwa popo wake kabla njaa haijamuua. Baba mtu haonekani. Mwambie jirani hata kwa nzi mambo ni yale yale.

Kazi yangu ni kusema yupi ni yupi. Kwa macho matupu wanafanana kama punje za mchele. Kwa hiyo namchovya nzi kwenye dawa mpaka anakuwa angavu, namlaza kati ya vioo viwili, namweka chini ya hadubini, halafu nahesabu nywele na miiba yake, bamba kwa bamba. Spishi nzima inaweza kusimama juu ya unywele mmoja.

Na hapo ndipo penye habari. Kwenye handaki la reli lililoachwa zamani tulikamata popo wenye nzi wa ajabu. Chini ya tumbo, mahali ambapo ndugu zao wote wana nywele ndefu mbili, hawa wana tatu. Kama ni kweli, hakuna mtu duniani aliyewahi kuwaelezea. Mkuu wetu wa kitengo, tunayemwita Bwana Chupa kwa sababu hakuna kiumbe asichoweza kukitia kwenye chupa, anastaafu mwaka huu. Anataka maelezo yangu yawe mbele ya wakubwa kabla hawajaamua nani atakabidhiwa chumba cha nzi.

Nimesema "kama ni kweli". Usijali, ndiyo lugha yetu.

Mwezi ujao sitaweza kuja kama nilivyoahidi. Kazi imenibana. Mwambie binti yako asininunie.

Mdogo wako

*

20 Februari

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Nimejiunguza mkono kwa pasi, kwa hiyo mimi nasema na mwanao, huyu binti yangu, anaandika. Nimemkataza asiongeze chake. Hapa amecheka, na hilo asiliandike. Ameliandika.

Nimempa jirani habari za nzi wako. Ameuliza kama wanaambukiza. Nikamwambia mdogo wangu yuko nao miaka yote hiyo na kitu pekee alichoambukizwa ni kutoolewa.

Na hilo ndilo linalonileta kwenye hili la "kazi imenibana". Mdogo wangu, mimi nimekubeba mgongoni. Nakujua. Mtu akikatisha safari ya nyumbani bila sababu yenye kichwa na miguu, anaficha mwanamume. Kama ni mwema, mlete. Kama ana mke, mwache huko huko handakini na popo wenzake.

Na mwandiko wako una nini? Mwanao anasema herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Zamani uliandika vidogo mpaka baba akakuuliza kama karatasi tunakata kwenye ngozi yake.

Kazi ipo kidogo. Wateja wamepungua, wanapenda nguo za kununua tayari. Wala sisikitiki, mgongo umepumzika.

Nina swali, na ni swali tu. Unakumbuka baba alianza vipi? Namaanisha macho. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, wewe ndiye uliyekuwa naye nyumbani. Juzi nimeikuta ile lenzi yake ya kurekebishia saa, nikamkumbuka.

Dada yako (kwa mkono wa mwanao, ambaye anakusalimu sana)

*

8 Machi

Dada,

Pole na mkono. Paka asali, usipake dawa ya meno kama kawaida yako.

Mwanamume hakuna. Angekuwepo ningekuwa nimeshakutambia.

Kuhusu baba, sijui kwa nini unauliza. Hakuna aliyejua alianza lini, kwa sababu hakusema. Alikuwa anajigonga kwenye mlango wa kabati tukacheka. Alikuwa anatafuta skrubu mezani kwa kupapasa, tukadhani ni mazoea ya fundi. Siku aliyokubali kwenda hospitali daktari alisema presha ya macho imekula pembeni kote, kimebaki kitundu cha katikati kama cha ufunguo. Yote haya unayajua. Tuyaache.

Kazi inakwenda polepole. Bwana Chupa ameniomba vioo avitazame, nikamwambia gundi ya kushikizia vioo haijakauka. Ameniomba tena, nikamjibu vile vile. Aliniangalia vibaya. Ukweli ni kwamba nahesabu upya. Siku moja naona nywele tatu wazi kabisa, siku nyingine naona mbili na kivuli. Huenda ni taa. Huenda ni gundi kweli. Ukitangaza spishi mpya halafu ikawa ni uchafu, jina lako linabaki kwenye vitabu kama mzaha, wenzako wanalisoma wakinywa chai.

Herufi nimeandika kubwa ili usipate shida kusoma. Wewe si kijana.

Mdogo wako

*

19 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Mama hajui kama nakuandikia. Nimemwambia nakwenda kununua zipu.

Mama hajaungua kwa pasi. Haoni. Jicho la kulia ni kama limefunikwa na maziwa, na la kushoto linafuata. Alianza kwa kunipa sindano nimtungie uzi, nikajua ni uvivu wa mtu mzima. Halafu akashona gauni la bibi harusi mkono mmoja ndani nje. Yule binti alililia pale pale dukani, na mama yake akaenda kulisema mtaa mzima. Hao ndio "wateja wanaopenda nguo za kununua". Sasa anakaa kwenye cherehani asubuhi, anakanyaga pedali bila kitambaa, ili jirani asikie mlio.

Chai anamimina kwa kuweka kidole ndani ya kikombe. Kile kidole ndicho kilichoungua, kwa hiyo labda hakudanganya sana.

Nimemwomba twende hospitali. Ananiambia, "Kama ni ya babu yako, haina dawa. Ya nini nikaambiwe?" Nikamwambia basi nimweleze mama mdogo. Alinishika mkono kwa nguvu. "Mdogo wangu ana mtihani wake na hao nzi. Akijua ataacha kila kitu aje hapa kunishika mkono, na hicho chumba watampa mtu mwingine. Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Barua zako namsomea mimi. Uliposema umeandika herufi kubwa ili yeye asipate shida, aliomba nirudie hapo, halafu akatoka nje.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Si yeye mwenyewe aliyenifundisha hivyo? Mama mdogo, hapa nyumbani anawaamrisha watu wote. Wewe ndiye pekee anayekuogopa. Naomba umwambie.

Mwanao

*

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vyema, na ukigombezwa nitasimama mbele yako.

Barua yako iliponifikia niliketi kumwandikia mama yako maneno makali. Nikamwambia ni ujinga kujificha. Nikamwambia asiseme haina dawa kabla hajapimwa. Nikamwambia anarudia yale yale ya baba. Nilipomaliza nikaisoma, nikaichana vipande vipande, kwa sababu kila neno lilikuwa linanihusu mimi.

Sikiliza nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Mimi pia sioni vizuri. Tangu mwaka jana nikiinua uso kutoka kwenye hadubini, lebo za chupa zinakuwa na ukungu. Herufi nilizokuwa naandika ndogo sasa sizisomi. Zile nywele tatu sizijui kama ziko kwenye tumbo la nzi au kwenye jicho langu. Ndiyo maana Bwana Chupa simpi vioo: akiona mbili, atajua. Na ndiyo maana sikuja nyumbani. Mama yako angenitazama usoni mara moja tu na kunisoma kama gazeti. Sikujua kwamba asingeweza kunitazama.

Siwezi kumwambia nenda wakati mimi mwenyewe nimekaa. Kwa hiyo natangulia. Nimeshachukua miadi ya kliniki ya macho. Usimwambie lolote bado. Mimina chai wewe.

Mama yako mdogo

*

5 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Mwanao akikusomea barua hii, mwambie akae mbali nawe kidogo, maana utataka kumpiga. Usimpige. Najua yote: jicho, gauni la bibi harusi, cherehani isiyo na kitambaa. Kabla hujafungua mdomo, ngoja nikusimulie nilikokuwa jana.

Nilikuwa kliniki ya macho, na sikuwa nimesindikiza mtu.

Chumba kilikuwa kidogo, kiti kimoja kimefungwa kamba mguu mmoja. Daktari ni binti ambaye ningeweza kumzaa, mwenye kandambili na sauti ya upole. Alinitia matone, akaniwekea kidevu kwenye kile chuma chao, akanimulika. Nilimsikia anavuta pumzi nikasema basi, hii hapa.

"Unafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Nahesabu nywele za nzi."

Akaweka kalamu chini, nadhani alikuwa anaamua anipeleke idara gani.

"Huo ukungu unaokusumbua," akasema, "ni umri. Watu wote wakipita arubaini huwapata. Unahitaji miwani ya kusomea."

Dada, nilicheka mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni. Miwani! Mwaka mzima nimelala na jeneza la macho yangu, kumbe ni miwani! Nikashika mkoba niondoke.

"Kaa chini, mama. Sijamaliza." Hakuwa anacheka. "Presha ya macho yako iko juu. Hii huisikii, haiumi, na haihusiani na ukungu wako hata kidogo. Kwenu kuna mtu aliyepofuka?"

Nikamwambia habari za baba. Nikamwambia kitundu cha ufunguo. Akanipima pembeni kwa vile vitaa vinavyowaka na kuzimika, unabonyeza kitufe ukiona. Tulipomaliza aliniwekea mkono begani.

"Baba yako alikuja wakati hakuna cha kuokoa. Wewe hujapoteza kitu. Ukitia dawa hii kila siku, usiache, na ukarudi kupimwa, utazihesabu hizo nywele mpaka uzichoke."

Umeelewa, Dada? Ugonjwa wa baba ninao mimi. Ninao, na nimeuwahi. Na nisingekwenda kama mwanao hangekusengenya. Macho yako ndiyo yaliyonipeleka.

Sasa zamu yako. Kama wako ni wa baba, umeona dawa ipo. Kama si wa baba, basi unajitesa bure. Vyovyote vile, nenda. Nakuomba kama ulivyokuwa ukiniomba nile.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Mwanao anaandika huku analia na mimi namwambia asiniloweshee karatasi.

Nimekasirika. Mmenizunguka nyuma kama mke mwenza. Na wewe mwaka mzima unaogopa peke yako mjini huko, halafu mimi nakutania habari za wanaume! Mbona hukusema? Usinijibu. Najua nitajibiwa nini.

Hiyo dawa uitie. Usiseme kesho.

Nimemwambia mwanao atafute lile gauni langu la kitenge la kutokea. Anasema nimelivaa. Haya, basi. Asubuhi tunakwenda.

Dada yako

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Tazama mwandiko huu. Tazama vizuri. Ni wangu mimi, na mstari umenyooka.

Nikupe yote kwa mpangilio. Daktari wa huku ni mzee mwenye mzaha. Alinimulika, akaniambia, "Mama, una mtoto." Nikamwambia, "Umri huu? Na mume nimemzika?" Akacheka yeye, nesi akacheka, mwanao akaona haya. Mtoto wa jicho, mdogo wangu! Macho yote mawili. Nikamuuliza kama ni ule wa baba. Akanipima na hiyo presha pia, akasema iko sawa kama ya msichana. Huu wangu, akasema, ni kama kioo cha dirisha kilichochafuka: unakitoa, unaweka kingine.

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mgonjwa. Wiki iliyofuata wakanilaza, wakanitia ganzi jicho la kulia, nikawasikia wanaongea habari za mpira huku wananifanyia, nikasema moyoni hawa wakiniua watakuwa hata hawajagundua. Haikuchukua muda wa kupindia suruali.

Walipotoa bendeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi. Nyumba yangu ni chafu, mdogo wangu! Utando wa buibui kila pembe. Cha pili ni zile nguo nilizoshona mwisho, zimetundikwa dukani. Nimezishusha zote, nitazifumua. Lile gauni nimelishona upya bila kuambiwa, nikampelekea yule binti, na mama yake amerudi na vitambaa vya magauni ya watoto wanaotangulia bibi harusi.

Cha tatu ni mwanao. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nikamuuliza lilitoka wapi. Akasema alianguka na ndoo kisimani mwaka jana, na alinificha nisihuzunike kwamba silioni. Familia hii, nakuambia! Tungekuwa majasusi tungetajirika.

La kushoto watanifanyia mwezi wa sita. Na nywele zako? Ngapi?

Dada yako, mwenyewe

*

18 Mei

Dada,

Nimeibandika barua yako juu ya meza yangu, sehemu ile yenye mstari ulionyooka.

Miwani imekuja. Ni mibaya, inanifanya nifanane na bundi aliyefiwa. Niliivaa, nikatoa vioo vyote, nikaanza upya toka cha kwanza. Kimoja, na nakwambia kwa sababu tumeacha kufichana, kilikuwa uchafu. Uzi wa pamba tu, umelala pale pale pa unywele wa tatu kama umetumwa na adui. Nikaenda cha pili. Unywele. Cha tatu. Unywele, na kitundu chake unapootea kinaonekana. Nikaendelea mpaka mwisho wa trei, madume kwa majike.

Kisha nikabeba trei, nikaenda kwa Bwana Chupa. Nilifunga mlango nikamwambia kila kitu: ukungu, presha, dawa, uongo wa gundi. Nikamwambia akiona mbili aseme mbili.

Aliinama kwenye hadubini. Alitazama kioo cha kwanza, akaweka cha pili, akaendelea hivyo mpaka mwisho wa trei.

"Tatu," akasema, bila kuinua kichwa. "Tatu, binti yangu. Na kile chenye uzi kitupe."

Nilikaa chini sakafuni, Dada. Na sketi yangu nzuri.

Kumbe yeye alidhani nimemnyima vioo kwa sababu nataka kuwapelekea watu wa makumbusho mengine nipate sifa bila yeye. Alikuwa amekaa na hilo donge miezi yote. "Kwa nini hukuniambia huoni?" akaniuliza. "Wewe unafikiri mimi naona?" Akafungua kabati, akanionyesha mashine ya kukuzia picha ukutani. Siku zote nilijua anaifungia kwa uchoyo. Ndiyo anayohesabia! Jicho lake la kushoto halijafanya kazi tangu kabla sijaajiriwa.

Maelezo yamekwenda. Wakubwa wamemsikiliza, na tangu Jumatatu funguo za chumba cha nzi ziko mfukoni mwangu, zinanitoboa paja.

Limebaki jambo moja. Anayeelezea spishi ndiye anayeipa jina, na jina hilo haliondoki tena. Nimefikiria jina la baba. Nimefikiria pia lako. Unasemaje? Nakutumia nakala ya maelezo yote uisome.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu, mwenye funguo,

Nimeisoma yote mwenyewe. Kurasa zote, na michoro. Sikuelewa nusu, lakini nimefurahi nayo nusu hiyo. Ule mchoro wa tumbo nimeuelewa vizuri, ni patroni ya kukatia sketi ya vipande sita.

Jina. Baba alikuwa mtu nadhifu, alioga mara mbili kwa siku. Leo umpe mdudu mnyonya damu anayeishi kwapani mwa popo? Atakutokea ndotoni. Langu ndiyo kabisa usithubutu. Jirani akisikia nimeitwa nzi, nitahama mtaa. Mpe jina la handaki alimozaliwa, kama unavyompa mtu jina la kwao, mambo yaishe kwa heshima.

Tunakuja, mimi na mwanao, likishafanyiwa na kupona hili jicho la kushoto. Tayarisha kitanda, na ile dawa iweke mahali nitakapoiona. Nitahakiki kiwango kwenye chupa.

Ngoja nikuambie la jana kabla mafuta ya taa hayajaisha, umeme umekatika. Jioni nilitoa kiti nje kupunga upepo. Jua limeshashuka lakini mbingu bado nyeupe. Nikasikia ile kelele ndogo ya popo kutoka dari la shule ya mtaani, nikainua uso kama siku zote, kwa mazoea. Mdogo wangu, niliwaona. Weusi, wadogo, wanamiminika kutoka kwenye ule upenyo wa bati mmoja baada ya mwingine kama shanga zinazochomoka kwenye uzi, wakifika juu wanatawanyika.

Nikamwita mwanao aje haraka. Akatoka mbio, mikono ina sabuni, akidhani nimeanguka.

"Tazama popo," nikamwambia.

"Lakini mama, si wapo kila siku?"

"Najua."

Akajifuta mikono, akakaa chini miguuni pangu. Tukawatazama mpaka wa mwisho alipotoka, naye pengine amebeba nzi wake, anakwenda zake.

Dada yako